Maendeleo ni ruhusa ya kutoboa tundu

Ndugu zangu wa kundi, na nyinyi wakubwa wa mashirika mnaotusoma kimyakimya, leo nina neno kuhusu mashua. Msikimbie. Najua kuna wengi humu ambao mara ya mwisho kupanda chombo cha majini haikuwa kwa mchezo. Hata hivyo mashua zinakuja, mradi umeshaandikwa, na tusiposema sasa tutakuja kusema baada ya muhuri kupigwa, kama kawaida yetu.

Nianze na neno lenyewe. Huko duniani kuna mashua ndogo za tanga za kushindania ambazo wenyewe wanaziita, ukitafsiri, mashua za daraja la maendeleo. Maendeleo, ndiyo, neno lile lile lililojaa kwenye mabango ya hapa Nakivale, kwenye fulana na kwenye milango ya magari meupe. Kwetu maendeleo ni kitu kinacholetwa, kinazinduliwa, kinapigwa picha. Kwa watu wa mashua maana yake ni nyingine kabisa: mashua ya daraja la maendeleo ni ile ambayo anayeiendesha ana haki ya kuibadilisha. Kuna vipimo vichache ambavyo huruhusiwi kuvivuka. Ndani ya vipimo hivyo kata utakavyo, toboa utakavyo, shona utakavyo, halafu tukutane majini tuone.

Aina ya pili ni mashua za muundo mmoja. Hizo zote zinafanana kama sahani za kiwanda kimoja, na kazi ya kanuni ni kuhakikisha zinabaki hivyo.

Rasimu ya mradi mliyoiona wiki iliyopita imechagua hiyo aina ya pili bila hata kutuambia kwamba kulikuwa na kuchagua. Mashua sita za plastiki kutoka nje, kila moja na tanga lake, majaketi ya kuokolea, kocha wa miezi mitatu. Halafu kifungu cha nne: kijana asitoboe, asikate, asiongeze kamba, asipake rangi, asifungue sehemu yoyote, kitu kikiharibika iandikwe ripoti, kipuri kiagizwe. Shirika silitaji, na nia yao naamini ni njema. Plastiki pia sina ugomvi nayo. Ninachokipinga ni kifungu cha nne, na nitatumia historia ya mashua zenyewe, siyo hasira.

Chukua mashua inayoitwa Moth. Jina hilo ni nondo, yule mdudu wa kwenye taa, siyo nondo za kujengea. Mwaka 1928, Inverloch, pwani ya jimbo la Victoria huko Australia, bwana mmoja Len Morris alijijengea kijimashua cha mbao cha futi 11, pua butu kama boksi, tanga moja, mtu mmoja. Watu wakakipenda, wakajenga vyao. Mwaka uliofuata, upande wa pili wa dunia, Elizabeth City, North Carolina, Joel Van Sant naye akajenga kijimashua cha urefu ule ule. Baadaye makundi haya mawili yakaja kukutana chini ya jina moja. Na kanuni walizoziandika zilikuwa chache kiasi kwamba unaweza kumwambia mtu kwa simu kabla ya salio kuisha: urefu usizidi mita 3.355, upana usizidi mita 2.25, tanga liwe karibu mita 8 za mraba, na mwili wa mashua uwe mmoja tu, siyo miwili iliyounganishwa. Uzito wa chini hakuna. Umbo hakuna. Fundi aliyeidhinishwa hakuna.

Sasa tazama watu walifanya nini na nafasi hiyo.

Mashua ya tanga ina tatizo moja kubwa: upepo unaoisukuma mbele ndio huo huo unaotaka kuilaza ubavu. Dawa yake ni mwili wako. Unakaa ukingoni, unajitupa nje, unakuwa jiwe la mizani. Ukikaa mbali zaidi na katikati, unaweza kubeba nguvu zaidi ya tanga. Wajenzi wa Moth wakaisoma kanuni wakaona inapima upana wa chombo chote, lakini haisemi mwili unaogusa maji uwe mpana kiasi gani. Basi wakaanza kuukonda mwili. Mwaka hadi mwaka ukawa mwembamba, karibu na mtumbwi wa mashindano, na juu yake wakafunga mabawa mawili ya kukalia, moja kila upande, mpaka mita 2.25 zikaisha. Mwili mwembamba unapita majini bila kuyavuruga, na mtu amekaa mbali kabisa. Hakuna aliyevunja kanuni. Walisoma tu nafasi iliyoachwa wazi.

Halafu yakaja mabawa ya chini ya maji. Kwenye mashindano ya dunia ya 2001 Brett Burvill wa Australia alileta Moth yenye mabawa yaliyoshuka kwa mshazari kutoka pembeni. Ikiingia kasi ilinyanyuka juu ya maji kabisa, mwili ukawa hewani. Akashinda mbio kadhaa. Kundi likakaa, likabishana, likaamua kwamba mabawa yaliyokaa namna ile pembeni yanafanya chombo kiwe kama cha miili mingi, na kanuni inasema mwili mmoja. Yakapigwa marufuku.

Hapo naomba wale wanaosema uhuru wa kubadilisha ni fujo wasome mara mbili. Mpaka ulikuwepo, na ulishikwa.

Lakini wazo halikupigwa marufuku, ni njia moja tu iliyofungwa. Wengine wakauliza: na kama bawa litakaa katikati, chini ya ule ubao unaoshuka majini, na jingine chini ya usukani, kama herufi T iliyopinduliwa? Hiyo kanuni haikuikataa. Ugumu ulikuwa mwingine. Bawa likiwa na kasi linanyanyua, kasi ikizidi linanyanyua kupita kiasi, linatoka nje ya maji, na mashua inaanguka kama gunia. Ilihitajika kitu cha kupima kimo kila sekunde na kurekebisha. Jibu lao ndilo lililonifanya nipende mambo haya: fimbo. Fimbo nyembamba inayoning'inia mbele ya mashua, ncha yake ikiburuzika juu ya maji, imeunganishwa kwa waya na kibawa kidogo kinachopinda nyuma ya bawa kuu. Mashua ikipanda, fimbo inashuka, kibawa kinapunguza nguvu. Mashua ikishuka, fimbo inasukumwa nyuma, kibawa kinaongeza. Hakuna kompyuta wala betri. Mwaka 2005 Rohan Veal alichukua ubingwa wa dunia wa Moth akipaa kwa mtambo wa namna hiyo, na leo hakuna anayekwenda kutafuta ubingwa huo bila mabawa. Kasi inapita noti 30, yaani zaidi ya kilomita 55 kwa saa, kwenye kitu cha futi 11.

Na Peter Burling, bingwa wa dunia wa Moth mwaka 2015, ndiye aliyekuja kuongoza chombo cha New Zealand kilichochukua Kombe la Amerika mwaka 2017, mashindano ya matajiri wakubwa, kwenye chombo ambacho nacho kinapaa. Kile walichojifunza watu wa gereji kwenye kimashua cha mtu mmoja kilikwenda juu. Kwa kawaida tunaambiwa ujuzi unashuka kutoka juu.

Sasa turudi kwenye kifungu cha nne. Chini ya kifungu kile, yule aliyefikiria fimbo angeandikiwa barua ya onyo.

Kaka mmoja humu ameniambia: wewe unaongea mabawa, sisi hata kuelea hatujajua. Sawa. Simwambii mtu apae. Ziwa letu lenyewe lina kina kifupi na matete, bawa la aina ile lingevua majani mchana kutwa. Nazungumzia tundu la kwanza, badiliko la kwanza dogo ambalo mtu anajifunza nalo kwamba kitu hiki ni chake. Na hapo pa kuanzia, mahali pa bei nafuu kabisa, ni tanga na kamba zake.

Wengi wanadhani tanga ni kitambaa cha kukamata upepo, kama shuka lililoanikwa. Tanga la mashindano limekaribia zaidi bawa la ndege lililosimamishwa wima. Lina tumbo. Upepo ukiwa mdogo unataka tumbo, linavuta. Upepo ukiwa mkali tumbo lile lile linakupindua. Kwa hiyo karibu kamba zote unazoziona kwenye mashua kazi yake ni kubadilisha tumbo hilo ukiwa njiani. Kuna inayovuta ule mti wa chini wa tanga kuelekea chini, ili ukingo wa nyuma usifunguke ovyo. Kuna inayobana ukingo wa mbele na kulisogeza tumbo karibu na mlingoti. Kuna unayoishika mkononi muda wote, wapwani wanaiita demani, na ya kupandishia tanga wanaiita henza. Sisi wa maziwa tunasema kamba tu na tunaelewana. Na mlingoti wenyewe unafanya kazi. Upepo ukija kwa kishindo, ncha ya juu inapinda, tanga linanyooka, nguvu inapungua kabla hujawaza lolote. Mlingoti mgumu mno haupindi, unakulaza. Mlaini mno unapinda hata upepo wa kawaida, mashua inabaki kusinzia.

Upinde kiasi gani basi? Hapo ndipo jambo lilipo. Inategemea uzito wa aliyekaa chini yake. Dada wa kilo 45 na kaka wa kilo 80 hawawezi kutumia mlingoti mmoja na tanga moja kwenye upepo mmoja kisha tukaita hiyo haki. Watetezi wa mashua zinazofanana wanasema kufanana ndiyo usawa. Kufanana kwa nani? Mashua inafanana, watu hawafanani. Wenye mashua maarufu ya Laser, ya muundo mmoja hasa, walilijua hilo. Ndiyo maana mwili wa mashua ni ule ule lakini matanga yapo matatu: la mita za mraba 4.7 kwa wepesi, 5.76 kwa wa kati, na 7.06 kwa wazito, kila moja na kipande chake cha chini cha mlingoti. Ni suluhisho zuri, silikatai. Lakini ni suluhisho la kununua. Tanga halali ni lile la mtengenezaji aliyeidhinishwa, na ukishona lako la vipimo vile vile, hata likiwa zuri kuliko lao, huingii kwenye mbio. Mwaka 2019 kundi hilo liligombana na mmoja wa watengenezaji wake kuhusu leseni, na mwisho wa yote likabadilisha hata jina la mashua, sasa inaitwa ILCA. Dunia nzima ya wapiga tanga ilikaa ikisubiri wenye leseni wamalizane. Sisi tukisubiri kipuri kutoka nje tutasubiri mara ngapi?

Kwenye daraja la maendeleo, dada wa kilo 45 anachukua randa, anapunguza mlingoti wake juu, anaenda kujaribu, anarudi, anapunguza tena. Akizidisha, mti umeharibika. Anatafuta mti mwingine. Mikalitusi hapa haijaisha.

Sasa hoja yao kubwa, na hii ni hoja kweli, siyo ya kudharau. Pesa. Wanasema: ukiacha watu wabadilishe, mwenye pesa atashinda, na maskini ataachwa ufukweni. Mashua zinazofanana ni ngao ya maskini. Na ushahidi wao mzuri kuliko wote ni Moth hii hii niliyoisifu. Mashua iliyoanza kwa mbao za mtu binafsi leo ni kaboni tupu, na mpya inafika makumi ya maelfu ya dola. Nani hapa atanunua? Uingereza kulikuwa na daraja la maendeleo la futi 14, likawa ghali, ikabidi mwaka 1936 lianzishwe la futi 12 kwa ajili ya wasio na uwezo huo. Yote kweli.

Nimeifikiria hoja hiyo sana, na jibu langu ni kwamba wanamshika mtu asiye mwizi. Rudini kwenye vipimo vya Moth. Wamepima urefu, upana, tanga. Mfuko hawakuupima. Hakuna uzito wa chini, kwa hiyo kila gramu unayopunguza ni faida, na anayepunguza gramu vizuri kuliko wote ni kaboni, na kaboni ni pesa. Mlango waliouacha wazi ndio ulioingiza pesa, na mlango huo unafungwa kwa mstari mmoja wa kanuni. Huhitaji kumfunga mtu mikono yote miwili kwa sababu mfuko mmoja una tundu.

Na kugandisha muundo nako hakudumishi kitu milele. Kulikuwa na tawi la Moth huko Ulaya lililogandishwa, likapewa jina Europe, vipimo vimefungwa, mashua zote moja. Lilifanikiwa sana, siwezi kusema uongo: lilikuwa mashua ya wanawake kwenye Olimpiki kuanzia 1992 hadi 2004. Halafu 2008 likabadilishwa na Laser ya tanga la kati. Waliokuwa na mashua zile hawakuweza kuzigeuza ziwe kitu kipya, kwa sababu kuzigeuza ndiyo kosa lenyewe.

Tena kuna jambo kuhusu aina ya kipimo ambalo ofisini hawalioni. Kipimo cha juu na kipimo cha chini ni vitu viwili tofauti. Kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda, wanajeshi walipopewa kusimamia uvuvi mwaka 2017, mtumbwi wa chini ya futi 28 ulihesabiwa haramu. Sababu yao ilikuwa kuzuia uvuvi mbaya, na siasa za wenyeji wetu siingii, nimeshajifunza. Naangalia kanuni tu kama kanuni. Ukisema chombo kisipungue urefu fulani, umemwondoa asiye na mbao za kutosha. Ukisema kisizidi, umemzuia mwenye mbao nyingi. Watu wa Moth, kwa bahati au kwa akili, waliandika "usizidi".

Hoja ya pili ni usalama. Shirika litauliza: kijana akitoboa mashua ikazama, nani anajibu? Swali la haki. Lakini angalieni jinsi rasimu ilivyolijibu: kwa kukataza tundu. Tundu siyo hatari. Hatari ni mashua isiyoelea ikijaa maji, na mtu asiyejua kuinyanyua ikipinduka. Pimeni hilo basi. Mashua ijazwe maji mpaka ukingoni, mwenye nayo akae ndani, ikae robo saa. Ikizama, haishindani. Kisha ipinduliwe, na mwenye nayo peke yake ainyanyue, apande, aondoke. Akishindwa, haishindani. Jinsi alivyofika hapo ni juu yake. Jerikeni tupu ya lita 20 iliyofungwa vizuri inabeba karibu kilo 20 ikizamishwa. Sita zilizokazwa chini ya viti zinatosha kumshikilia mtu na mbao zake. Mtu mwingine atatengeneza visanduku vya plaiwudi vilivyozibwa. Mwingine atakuja na kitu ambacho mimi na wewe hatujakiwaza, na hapo ndipo utamu ulipo. Lile jaribio la ndoo na kupindua linapima zaidi kuliko kurasa nyingi za makatazo, na halihitaji mtaalamu kutoka Kampala. Majaketi, hayo yabaki lazima kwa kila mtu, hapo sina mjadala. Na viboko ni suala la saa na mahali, siyo la muundo wa mashua.

Hoja ya tatu hawaisemi kwa sauti: ripoti. Mashua sita zinazofanana zinahesabika. Zina namba, zina picha, mwaka ukiisha zipo sita au zimepungua. Mashua zinazobadilika kila mwezi utaziandika vipi kwenye jedwali? Nawaelewa. Mimi mwenyewe nimejaza majedwali yenu kama mhamasishaji, najua safu ya mwisho inavyouma. Lakini mnapoandika kwenye lengo la mradi kwamba vijana watapata ujuzi wa ubunifu na kujitegemea, kisha kifungu cha nne kikakataza bisibisi, jedwali lenu lenyewe ndilo lenye tundu.

Kuna kisa kingine cha marufuku ambacho napenda wakubwa wakijue. Mwaka 1938, kwenye zile za futi 14 za Uingereza, Peter Scott na mwenzake John Winter waliingia kwenye mbio kubwa ya mwaka na waya uliofungwa juu ya mlingoti. Mmoja alijifunga waya huo kiunoni, akasimama ukingoni na kulala mwili mzima nje juu ya maji. Walishinda. Kabla muda haujapita kundi likaupiga marufuku waya ule, eti unazidi. Miaka mingi baadaye ukaruhusiwa, na leo zile za futi 14 zina waya mbili, mtu wa mbele na wa nyuma wote wananing'inia. Waliokataza walikuwa watu wenye busara zao, walikuwa na sababu zao. Huyo Scott baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa WWF, kwa wale wanaodhani wachezea kamba ni wahuni. Ila ninyi mnaoandika vifungu: zile mashua za futi 14 zilikuwa za watu wanaoweza kukutana, kupiga kura na kuondoa marufuku yao wenyewe. Kifungu cha nne sisi tutakiondoa kwa kura gani?

Maana hilo ndilo swali chini ya yote. Kwenye kundi la Moth, kanuni ni za wenye mashua. Wao ndio waliobishana kuhusu mabawa ya Burvill, wao ndio waliokata shauri, na wao ndio watakaobeba matokeo. Kwenye rasimu yetu, kanuni inatoka kwa asiyepanda na inamwangukia anayepanda.

Na msiseme hatuna mafundi. Humu kambini kuna wazee waliojenga mitumbwi ya mbao kule Uvira na Fizi, wanaojua kuziba maungio kwa pamba na mafuta, wanaosoma mti kabla ya kuukata. Kuna Wasomali waliokulia pwani ambao walishaona tanga kabla ya kuona baiskeli. Kuna mama wa cherehani ambao turubai, au bashi kama wanavyosema waliotoka Goma, wanalishona kama gauni. Mradi wa mashua sita za plastiki hauna kazi hata moja ya kuwapa watu hawa. Nimeisoma rasimu yote. Mafundi wametajwa mara moja, kwenye kujenga banda la kuhifadhia.

Basi ninachopendekeza kwenye kikao cha Alhamisi ni hiki. Mashua sita zije kama zinakuja, za kujifunzia, na hata kifungu cha nne kikae kwa hizo kama lazima. Lakini bajeti ya vipuri, ile ya mwaka wa pili, igeuzwe kuwa plaiwudi, misumari, gundi na kamba, na tuanzishe daraja letu. Mashua isizidi mita 3.6. Plaiwudi zisizidi tatu, zile za kawaida za mita 2.44 kwa 1.22, na fundi atafute mwenyewe jinsi ya kuziunga, maana mita 3.6 haitoki kwenye plaiwudi moja. Tanga lisizidi mita 7 za mraba na liwe la turubai la kununua sokoni. Lile la nyumba mtu asiliguse, mvua hazina mchezo. Mlingoti wa mti wowote, hakuna kaboni, hakuna alumini. Uzito usipungue kilo 50, ili mtu asianze kukwangua mbao mpaka ziwe karatasi. Na aliye na chombo chepesi afunge mawe, kwa hiyo hapo hatumwondoi mtu. Jaribio la maji na la kupindua kama nilivyoeleza. Umbo la pua, mahali pa mlingoti, kama ni tanga la pembe tatu au la pembe nne lenye kijiti cha mshazari, kama usukani una kana ndefu au fupi, kama unakaa ndani au kwenye ubawa: yote hayo ni yako.

Mwenye hoja dhidi ya vipimo hivi avilete vipimo vyake. Nataka kubishana kuhusu 3.6 au 3.4, kuhusu plaiwudi tatu au mbili na nusu. Dada mmoja ameshaniambia kilo 50 ni nyingi kwa atakayebeba mashua kutoka nyumbani hadi majini bila gari, na ana haki, tuipime. Mzee wetu mmoja fundi amekubali kuchora umbo la kwanza kwenye ubao, kwa sharti kwamba asiambiwe na mtu pua ikaeje.

Kikao ni saa nane mchana, pale pale penye kivuli. Wakubwa wa shirika mnakaribishwa, viti vipo. Njooni na futi kamba.